Hadithi Iwe Nyepesi Kuliko Herufi: Namna ya Kukariri Maandishi ya Kichina

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, nanyi mliokuja kusikiliza tu,

Mwaka 1596, katika mji wa Nanchang nchini China, padri Mjesuiti kutoka Italia aitwaye Matteo Ricci aliandika kwa Kichina kijitabu cha kufundisha kukumbuka mambo kwa njia ya picha. Alikiandika kwa ajili ya watoto wa gavana wa jimbo la Jiangxi, vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani ya dola, mitihani iliyomtaka mtu abebe vitabu vizima kichwani. Mtoto mkubwa wa gavana alikisoma, kisha akamwambia mtu wake wa karibu kwamba kanuni hizo ni za kweli kabisa, ila anayetaka kuzitumia lazima awe na kumbukumbu kali tangu mwanzo.

Kijana yule alisema kweli, na lalamiko lake ndilo ninalolisikia kila mwaka ninapofundisha kutungia kila herufi hadithi fupi ya vipande vyake: mwalimu, sasa nina herufi ya kukumbuka, na juu yake nina hadithi ya kukumbuka. Jibu langu halibadiliki. Ikiwa hadithi inakulemea kuliko herufi, hadithi imetungwa vibaya. Leo nitaonyesha namna ya kuitunga iwe nyepesi, na wapi pa kuiacha kabisa.

Kwanza tujue ukubwa wa kazi. Orodha rasmi iliyotolewa China mwaka 2013 ina herufi 8,105, na daraja lake la kwanza, lile la matumizi ya kila siku, lina 3,500. Viwango vya HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, vilivyotangazwa mwaka 2021 vinadai herufi 3,000 kwa mwanafunzi anayefika ngazi ya juu kabisa. Na kila herufi inadai mambo manne kwa pamoja: umbo, maana, sauti na toni, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka. Anayeandika herufi moja mara hamsini kwenye daftari anadhani anayashughulikia yote manne. Ukweli ni kwamba baada ya mara ya tano mkono unakwenda wenyewe na akili imeshatoka nje. Ukurasa unajaa, kesho yake hakuna kilichobaki.

Tuanze na umbo. Msihesabu mipigo ya kalamu, hesabuni vipande. 想, xiǎng, kufikiri, ina mipigo 13. Hakuna anayeshika mipigo 13 kwa mpigo mmoja wa akili. Lakini vipande vyake ni vitatu tu: mti 木, jicho 目, moyo 心. Na siku utakapoijua 相, ambayo ni mti na jicho kando kwa kando, 想 itakuwa na vipande viwili tu: 相 juu, moyo chini. Ndiyo maana wanaoanza huona mambo mazito miezi miwili ya mwanzo, kisha ghafla yanakuwa mepesi. Akili haijaongezeka, vipande vimekwisha kujulikana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni vipande vyenyewe. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ilipanga herufi chini ya vichwa 214. Huvihitaji vyote. Anza na mia moja hivi vinavyojirudia, na vijifunze kwa kuvichora, bila hadithi ndefu. Kila kipande kipe picha moja, na usiibadilishe tena. Hapa watu wengi huharibu. Leo 宀 ni paa la nyumba, kesho ni kofia, keshokutwa ni mwamvuli, kwa sababu hadithi ya siku hiyo ilinoga zaidi hivyo. Baada ya herufi mia mbili hawajui tena wakiona mwamvuli wachore nini.

Vipande vingine hubadilika sura kulingana na mahali vinapokaa, na hilo lijulikane mapema. Moyo 心 ukikaa kushoto husimamishwa wima na kuwa 忄. Maji 水 huwa 氵, mkono 手 huwa 扌, usemi 言 huwa 讠, moto 火 ukikaa chini mara nyingi huwa vitone vinne 灬. 阝 ikikaa kushoto ni kilima, kama katika 阳; ikikaa kulia ni mji, kama katika 都. Na 月 peke yake ni mwezi, lakini kwenye viungo vya mwili ni nyama: 脸 uso, 腿 mguu, 肚 tumbo. Ikikaa kushoto ifanye nyama na utapata mara nyingi. Zile chache zinazokataa, kama 朋, rafiki, utazishika kwa kuwa ni chache.

Sasa tuingie kwenye hadithi yenyewe. Tuchukue 怕, pà, kuogopa. Kushoto ni moyo uliosimama, 忄. Kulia ni 白, nyeupe. Sauti ni pa, toni ya nne, inayoshuka kwa ghafla. Kwa sauti tunahitaji mhusika, kitu kinachoonekana ambacho jina lake la Kiswahili linaanza na silabi hiyo. Chukua paa, mnyama wa porini. Waliozoea Kiswahili cha pwani watafurahi hapa: paa mnyama hutamkwa kwa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi, na p ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, ni ile yenye pumzi.

Mwanafunzi anayeanza ataandika hivi: paa alikuwa anakula majani mtoni, chui akatokea nyuma ya mti, paa akashtuka sana, moyo ukamwenda mbio, akawa mweupe kwa hofu. Nzuri kwa kumsimulia mtoto, mbaya kwa kukariri. Hesabu vitu vilivyomo: majani, mto, chui, mti. Hakuna hata kimoja kilichomo ndani ya 怕. Baada ya wiki mbili utaikumbuka hadithi vizuri sana, utashika kalamu, na utaanza kutafuta pa kuweka 氵 ya mto na 犭 ya chui. Hadithi imekumbukwa, herufi imepotea.

Ifupishe: paa kachungulia genge, moyo ukamruka upande wa kushoto, ubavu wa kulia ukageuka mweupe pe, akaporomoka. Basi. Moyo uko kushoto, weupe uko kulia, mhusika ni paa, kuporomoka ni toni ya nne, na genge ndilo linaloleta hofu, nalo halifanani na kipande chochote ulichokwisha kujifunza. Mkifanya zoezi hili, baada ya kuandika pitieni kila nomino na muulize: wewe una kazi gani hapa? Isiyo na kazi itoke.

Toni tunazipa mwendo wa mhusika, si kitu cha kuongeza. Toni ya kwanza, mhusika anaelea juu, hapandi wala hashuki. Ya pili, anapanda. Ya tatu, anazama shimoni kisha anaibuka. Ya nne, anaporomoka. Toni nyepesi haihitaji hadithi. Maneno yake ya kawaida, kama 吗 na 的, utayakuta kila sentensi ya pili.

Mahali vipande vilipokaa nako ni lazima kuingie ndani ya hadithi. Angalieni 忘 na 忙. Zote mbili zina vipande vilevile: 亡, kufa au kupotea, na moyo. 忘, wàng, ni kusahau: 亡 iko juu, moyo uko chini. 忙, máng, ni kuwa na shughuli nyingi: moyo umesimama kushoto, 亡 iko kulia. Anayesema "moyo na kifo" kwa zote mbili atazichanganya hadi siku ya mtihani na baada yake. Kwa 忘 sema: wanga wa usiku wamedondosha maiti juu ya moyo, pu, moyo umezimika na haukumbuki lolote. Wanga ndiyo sauti, kudondosha ndiyo toni ya nne, na maiti iko juu. Kwa 忙: moyo umesimama wima kando ya maiti, gunia la pilipili manga mgongoni, unapanda ngazi mbio na hauna hata nafasi ya kuketi. Manga ndiyo sauti, kupanda ndiyo toni ya pili. Pilipili ni mzigo wa ziada, nakubali, lakini bila hiyo sauti haina pa kushika. Na kumbukeni kwamba ndoano ya sauti inakukumbusha tu, haikufundishi kutamka. Mwisho wa wàng na máng ni ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma.

Kichina kina silabi takriban 400 bila kuhesabu toni. Usikae chini siku moja kutafuta wahusika 400. Mpe silabi mhusika siku unapokutana nayo, na kila ikirudi arudi yuleyule. Kwa silabi ambazo Kiswahili hakina kitu cha karibu, hasa zenye q, x na ü, ushauri wangu ni kuacha kulazimisha. Ukiifanya xiang iwe "shanga", utabaki bila mhusika wa shang, na masikio yako yatazoea kosa. Hizo zisikilize na kuzitamka kwa sauti, na utumie msaada mwingine ambao Kichina chenyewe kinao.

Msaada huo ndio watunzi wengi wa hadithi wanaupuuza, nami nadhani una thamani kuliko hadithi zote. Sehemu kubwa ya herufi za Kichina, kwa hesabu inayotajwa sana zaidi ya nane katika kila kumi, zimeundwa kwa kipande cha maana na kipande cha sauti. Tazameni 青, qīng, rangi ya kijani au buluu. Iweke kulia, kisha ubadilishe cha kushoto. Pamoja na maji, 清 qīng, safi, angavu. Pamoja na jua, 晴 qíng, hali ya hewa nzuri. Pamoja na moyo, 情 qíng, hisia. Pamoja na usemi, 请 qǐng, tafadhali, au kualika. Pamoja na jicho, 睛 jīng, neno la macho. Hapa hakuna haja ya hadithi ya mtu anayepaka rangi kuta za mto. Cha kulia kinatoa sauti, cha kushoto kinatoa eneo la maana, na kilichobaki ni toni tu, ambayo unaishika kwa mwendo mmoja; ni 睛 peke yake iliyobadilisha q ikawa j. Hadithi itunze kwa waasi wa familia, kama 猜 cāi, kubahatisha, ambayo ina 青 kulia lakini inasomeka tofauti kabisa.

Vivyo hivyo 马, mǎ, farasi: pamoja na mwanamke ni 妈 mā, mama, pamoja na kinywa ni 吗, chembe ya swali, vinywa viwili juu ya farasi ni 骂 mà, kutukana. Farasi hana uhusiano wowote na mama. Yupo kwa ajili ya sauti. Kabla ya kutunga chochote, kwa hiyo, jiulize kama kipande kimoja tayari kinakupa sauti. Kama kinakupa, nusu ya kazi imekwisha.

Niseme kidogo kuhusu asili ya herufi, kwa kuwa swali hili halikosi. Ricci alitoa mfano wa 武, wǔ, mambo ya vita. Aliigawa katika mkuki 戈 na kusimamisha 止, akachora askari anayeinua mkuki na mwenzake aliyemkamata mkono kumzuia. Wachina wenyewe walikuwa wakiisoma hivyo zamani sana kabla yake. Lakini kwenye maandishi ya kale ya mifupa ya kubashiria, 止 ni picha ya unyayo: mtu anakwenda vitani na silaha yake, hakuna anayezuia chochote. Xu Shen naye, mwanachuoni wa kale wa China aliyekusanya herufi 9,353 chini ya vichwa 540 kwenye mwaka 100 hivi baada ya Kristo, alitoa maelezo mengi ambayo mifupa ile imeyakanusha. Kwa kumbukumbu, picha ya Ricci inafaa kabisa, ina vipande vyote na kuna tendo. Usiitoe tu kama historia mbele ya watu. Na pale asili ya kweli inapoonekana wazi, kama 休, mtu aliyeegemea mti, yaani kupumzika, itumie hiyohiyo; hutapata bora.

Kuna aina ya makosa ambayo hadithi inaweza kuyatibu kwa ukali kuliko kitu kingine: herufi zinazofanana. 末, mò, mwisho, na 未, wèi, bado. Zote ni mti wenye mstari wa ziada juu. Kwenye 末 mstari wa juu ni mrefu, kwenye 未 ni mfupi. Mti wa 末 umefika mwisho wa kukua, tawi la juu limetanda. Wa 未 bado unakua, tawi la juu ni changa. 买, mǎi, ni kununua, na 卖, mài, ni kuuza: anayeuza ameongeza alama ya kujumlisha juu ya kile alichonunua. 喝, hē, kunywa, ina kinywa. 渴, kě, kuona kiu, ina maji, na watu huzigeuza kwa sababu maji wanayahusisha na kunywa. Anayekunywa anatumia kinywa. Mwenye kiu anawaza maji. Hadithi za namna hii zitungwe kwa jozi, siku moja, kwenye kadi moja. Ukitunga ya 末 leo na ya 未 mwezi ujao, ya pili itaifuta ya kwanza.

Na kosa jingine lililo kinyume: hadithi isiyo na tendo. "Nyumba, chini yake mwanamke: amani." Hiyo ni 安, ān, nayo si hadithi, ni orodha. Vitu vilivyopangwa bila kugusana akilini huachana upesi. Mwanamke afanye kitu na paa la nyumba: analiinua kwa mikono, upepo unapita juu, ndani kimya. Kitenzi ndicho gundi. Ukiona hadithi yako ina "kuna" na "na" peke yake, iandike upya.

Je, njia hii imethibitishwa? Mwaka 1975 Richard Atkinson na Michael Raugh walichapisha majaribio ya kujifunza maneno ya Kirusi kwa neno linalofanana kwa sauti pamoja na picha, na waliotumia njia hiyo walikumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Mwaka 1992 Alvin Wang na Margaret Thomas walichapisha utafiti wa herufi za Kichina zenyewe, na hapo habari si tamu sana: picha ziliwasaidia wanafunzi mwanzoni, lakini muda ulipopita faida ile haikudumu. Nawaomba mlichukue jambo hilo kwa uzito. Hadithi inakupa siku chache za kukumbuka. Kinachofanya ibaki ni marudio ndani ya siku hizo.

Marudio yenyewe yaende hivi. Dakika kumi baada ya kujifunza, funika herufi na uiandike kutoka kwenye maana. Kesho yake tena. Kisha baada ya siku tatu, wiki moja, wiki mbili, mwezi. Ukikosa, rudi mwanzo wa ngazi hiyo, na kabla ya kurudi tazama ni kipi kilichokosekana. Umekosa kipande? Kipande hakikuwa na tendo. Umebadilisha kushoto na kulia? Mahali hapakutajwa. Umekosa toni? Mhusika hakusogea. Rekebisha sentensi hiyohiyo, usitunge hadithi mpya, maana ya zamani haitakubali kuondoka na utabaki na mbili zinazogombana.

Upande wa mbele wa kadi uwe na maana na neno moja la mfano. Nyuma iwe herufi, pinyin na hadithi. Wengi huigeuza: wanatazama herufi, wanataja maana, wanaridhika. Hiyo ni kutambua, na kutambua ni rahisi mno kuliko kuandika. Herufi mpya kwa siku, tano hadi kumi zinatosha. Kumi kwa siku 300 ni 3,000 kwenye karatasi, ndiyo, lakini kufika mwezi wa pili marudio peke yake yanakula saa nzima, na anayeongeza ishirini kila siku huanguka hapo. Na mpangilio wa mipigo ufuate kanuni tangu siku ya kwanza: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, fremu kabla ya kilichomo, mstari wa kufungia mwisho. Hadithi haikufundishi hilo. Mkono ndio unaojifunza.

Tena, hadithi za herufi hazikupi maneno. 东 ni mashariki, 西 ni magharibi, na 东西 ni kitu. 马 ni farasi, 上 ni juu, na 马上 ni mara moja, sasa hivi. Kila herufi uliyoimudu itafutie maneno mawili na sentensi moja, na uisome sentensi hiyo kwa sauti. Mwishowe utajikuta unasoma 怕 na paa haonekani tena gengeni. Asikutie wasiwasi, na usimwite. Kumtafuta kila mara kutakuchelewesha kusoma. Atarudi mwenyewe siku umeshika kalamu na mkono umesita.

Sasa tufanye kazi. Mbele yenu kuna karatasi yenye herufi sita: 困, 看, 笔, 尖, 泪 na 闻. Gaweni vipande kwanza, kisha andikeni hadithi isiyozidi maneno ishirini kwa kila moja. Baada ya hapo mpe jirani yako hadithi peke yake, bila herufi, aichore. Akichora kipande kisichokuwepo, futeni neno lililomdanganya. Mna dakika ishirini na tano. 笔 ina mianzi juu na manyoya chini, hiyo nimewapa bure.